Majani yanaoza kabla ya kutoa mizizi: kuotesha sakulenti katika hewa ya Mombasa

Swali: Asalaam aleikum. Niko Tudor, ghorofa ya tatu, na roshani yetu inatazama magharibi. Nilinunua echeveria mbili, zile sakulenti zenye majani manene yaliyopangika kama ua, kwa muuzaji anayezileta kutoka Nairobi. Mwezi uliopita niling'oa majani 22 nikayalaza juu ya udongo kama nilivyoona kwenye video, nikawa nayanyunyizia maji kila asubuhi na kuyafunika kwa nailoni. Kufikia siku ya tisa majani 18 yalikuwa yamelegea, ukiyagusa yanapasuka maji. Mawili yalisinyaa tu. Mawili yametoa mizizi lakini wiki zinapita na sioni mche. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi. Nimekosea wapi? Na hizi echeveria mama zimeanza kurefuka shingo, nizifanyeje?

Jibu: Waaleikum salaam, dada. Video haikudanganya, ila ilipigwa kwenye hewa nyingine. Nyumba ya Ulaya inayopashwa moto wakati wa baridi huwa na hewa kavu hadi midomo ya watu ikapasuka. Jani lililolazwa humo hukauka kabla halijapata nafasi ya kutoa mizizi, ndiyo maana wanalinyunyizia. Mombasa chumvi hugandamana kwenye kichupa mezani bila mtu kuitia maji. Hewa ya namna hiyo inatosha peke yake kuamsha mizizi ya jani. Tone unaloongeza wewe huenda kukaa kwenye kidonda, mahali jani lilipotengana na shina, nako ndiko ukungu huingilia. Ukishafunika na nailoni juu yake, umelipika kwa mvuke.

Kwa hiyo kwa mtu wa Pwani kazi inageuka: huna haja ya kulipa jani unyevu, una haja ya kulipa upepo. Usitie maji hata tone moja mpaka mizizi ionekane kwa macho.

Tuanze na yale mawili yenye mizizi bila mche, kwa sababu kosa lake ni la mwanzo kabisa, siku ya kung'oa. Chini kabisa ya jani la echeveria, pale linaposhika shina, pana chembechembe zenye uwezo wa kuanzisha mmea mzima. Tuliite jicho. Jani likikatika juu ya hapo, hata kwa upana wa uzi, jicho hubaki kwa mama. Jani lenyewe linaweza kutoa mizizi na kuishi miezi mingi likiwa nene na zuri, lakini mche hautoki. Hayo mawili usiyasubiri.

Kung'oa vizuri ni kazi ya vidole viwili. Acha kumwagilia mmea mama siku 4 au 5 kabla, maana jani lililojaa maji kupita kiasi hukatika ovyo na kidonda chake hutiririka. Shika jani karibu na shina kwa kidole gumba na cha shahada, usilivute chini. Litikise kulia na kushoto polepole, mara tatu au nne, mpaka ulisikie linaachia. Kisha ligeuze utazame ncha yake. Lililotoka salama lina ncha nzima, nyeupe, iliyopinda kama ukucha wa mtoto. Lililovunjika lina ncha bapa au yenye nyuzi, kama biskuti iliyomegwa. Hilo tupa pale pale, usilionee huruma. Chukua majani ya duara la katikati. Ya chini yaliyokwisha kunyong'onyea yametumia akiba yake, na huenda ndiyo yale mawili yaliyosinyaa. Yale madogo ya moyoni hayajaweka akiba bado.

Sasa kukausha. Uteo wa kupepetea mchele, au ungo kama mwauita hivyo kwenu, unashinda trei yoyote ya plastiki kwa kazi hii, kwa kuwa hewa hupita juu na chini. Yapange majani chali, moja lisiguse jingine, upana wa kidole kati yao. Uweke uteo mahali penye upepo na mwanga bila jua kali: juu ya kabati karibu na dirisha, au koridoni. Jikoni hapana, mvuke wa sufuria unatosha kuharibu. Wakati wa usiku usifunge dirisha hilo ukiweza. Kwenye nchi zenye hewa kavu siku 2 zinatosha kidonda kufunga; hapa hesabu siku 4 mpaka 7. Kigezo ni kugusa: ncha iwe kama gundi iliyokauka, isinate kidoleni.

Wengi wakifika hapo hukimbilia udongo. Ngoja. Yaache majani kwenye uteo ule ule, makavu, wiki 2 au 3 nyingine. Jani ni mtungi na ghala kwa pamoja, lina maji yake na chakula chake. Utaona nywele za waridi au nyeupe zikitoka kwenye ncha, na mara nyingi kitufe kidogo cha kijani kando yake. Wakati mwingine kitufe hutangulia mizizi. Katika muda huo kagua kila siku. Jani linaloanza kuwa la manjano na kupitisha mwanga limekwisha, liondoe. Lenye weusi unaopanda kutoka kwenye ncha limeingiwa na ukungu, liondoe na ufute mahali lilipolala kwa spiriti. Katika majani 20 yaliyong'olewa sawasawa, usishangae ukipoteza sita au saba hata ukifanya kila kitu vizuri.

Mizizi ikifika nusu sentimita, ndipo udongo. Chora mfereji wa kina cha nusu sentimita, laza mizizi humo, uifunike kwa kidole, jani libaki nje juu ya ardhi. Maji ni kijiko kimoja cha chai kando ya mizizi kila baada ya siku 3, asubuhi, lisilowe jani. Mche ukiwa na majani manne ya ukubwa wa choroko, uache mtindo wa kijiko: mwagilia chombo kizima mpaka maji yatoke chini, kisha usirudie mpaka sentimita 2 za juu zikauke kabisa. Jani mama litasinyaa polepole hadi liwe kama karatasi. Liache liachie lenyewe, kwa kawaida mwezi wa pili au wa tatu. Ukilivuta kabla ya hapo unaondoka na mizizi ya mtoto.

Kuhusu udongo ndiko makosa ya mji huu yanakojificha zaidi, kwa sababu mchanga uko kila mahali na watu hudhani mchanga ni mchanga. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na sehemu kubwa yake ni matumbawe na makome yaliyosagika, yaani chokaa. Chumvi hunyang'anya mizizi maji. Chokaa huuzuia mmea kupata madini ya chuma, nayo majani machanga huwa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani. Kuosha huondoa chumvi, chokaa hakiondoki. Kabla hujanunua gunia kwa muuza mchanga, chota kiganja kimoja, weka kwenye kifuu, umiminie siki. Ukitoa povu na kuchemka, una chokaa, mwachie mwenyewe. Mchanga wa mto hunyamaza. Bado uuoshe mpaka maji yatoke maangavu, kwa sababu matope yake huziba nafasi za hewa.

Mchanganyiko unaofaa, kwa vitu vinavyopatikana: vikombe 3 vya vigae au matofali ya kuchoma yaliyopondwa, kikombe 1 cha chenga za makaa, kikombe 1 cha unga wa makumbi ya nazi. Vigae vichekeche mara mbili: vinavyopita kwenye chekeche ya unga ni vumbi, tupa, vinavyozidi ukubwa wa punje ya mahindi rudisha kwenye nyundo. Ukipata mawe mepesi ya volkano yanayotoka Bonde la Ufa, tumia hayo badala ya vigae, ni bora zaidi, ingawa kwa kazi ya majani 20 sioni sababu ya kuyatafuta. Makumbi yana shida yake: yaliyowahi kulowekwa kwenye maji ya bahari yamenyonya chumvi. Loweka unga wake kwenye maji baridi yasiyo na chumvi usiku mmoja, kamua, rudia mara tatu. Ujaribu mchanganyiko wako kwenye chungu chenye tundu: mimina kikombe cha maji. Yakituama juu hata kwa muda wa kuhesabu kumi, ongeza vigae.

Na ule mtindo wa kutanguliza kokoto chini ya chungu "ili maji yatoke", uache. Maji yaliyoshikwa na udongo wa chembe ndogo hayashuki kwa hiari kuingia kwenye nafasi kubwa za kokoto. Husimama juu yake mpaka udongo ujae pomoni. Unachofanya ni kuinua ule ukanda wenye maji na kuusogeza karibu na mizizi. Kipande kimoja cha kigae juu ya tundu, kuzuia udongo usimwagike, kinatosha.

Maji ya kisima: kwa mmea mkubwa kwenye ardhi ungeweza kuvumilia, kwa mche wenye mizizi ya nywele usiyatumie. Kuchemsha hakusaidii. Maji huondoka kama mvuke na chumvi hubaki, kwa hiyo unamaliza na chumvi nyingi zaidi kwa kila kikombe. Maji ya mkokoteni nayo huwezi kuyaamini mpaka uyaonje, kwani mengine ni ya kisima vilevile. Lenye uhakika ni maji ya mvua, na katika masika hayana gharama: kinga ndoo baada ya robo saa ya mwanzo, vumbi na chumvi ya paa zikishaondoka. Jingine ambalo watu hulimwaga bure ni yale yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi. Hayo ni unyevu wa hewa uliogeuka maji na karibu hayana chumvi yoyote. Kiyoyozi kimoja kinachofanya kazi usiku kucha hapa Mombasa kinaweza kujaza mtungi. Kama tayari kuna ukoko mweupe mdomoni mwa vyungu vyako, hiyo ndiyo chumvi ya kisima: pitisha maji ya mvua mara tatu ya ujazo wa chungu, polepole, uyaache yatoke yote. Yasituame kwenye visahani, mbu wa dengi hawahitaji zaidi ya hapo.

Roshani ya magharibi ina jua kuanzia saa nane mchana hadi magharibi, nalo ni lile jua ambalo ukuta umeshapata joto kabla yake. Miche usiiweke ukingoni. Isogeze mita moja ndani, au tundika neti nyeusi ya kivuli, au hata leso nyepesi. Kama una dirisha la mashariki, hilo ndilo: jua la saa moja hadi saa tatu asubuhi, kisha mwanga mtupu. Madirisha ya kaskazini na kusini hubadilishana zamu hapa, jambo ambalo vitabu vya nchi za mbali havisemi, kwa vile tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Katikati ya mwaka jua huingia kwa upande wa kaskazini, Desemba huhamia kusini. Miche ikianza kurefuka na kupauka, mwanga ni mdogo. Ikipata mabaka makavu ya kahawia, ni mkali.

Umeandika mwanzoni mwa Mei, mwezi wa mvua nyingi kuliko yote Mombasa, na ulianza kazi yako Aprili. Hata mwenye mkono mwepesi hupoteza majani katika masika. Kwa echeveria subiri katikati ya Agosti hadi mwisho wa Septemba: joto limepungua, usiku una ubaridi kidogo, vuli haijafika. Januari na Februari ni kavu zaidi, kaskazi inavuma na vidonda hufunga upesi, lakini usiku ni wa joto, na hapo echeveria hazina raha. Nyingi asili yake ni nyanda za juu za Mexico. Mimea hii hufungua vitundu vya majani usiku na kuvifunga mchana ili isipoteze maji. Kazi yake ya kujilisha huanza usiku, nayo huenda vizuri usiku ukiwa baridi. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, inaipa hilo. Kwetu usiku wa Februari unatoa jasho, na mmea unatumia akiba kwa kuhema tu.

Ndiyo maana shingo zimerefuka: joto na maji vinausukuma mmea ukue, mwanga hautoshi, basi mmea unajinyoosha kuutafuta. Shingo iliyorefuka hairudi kuwa fupi. Inakatwa, na kwa hali ya hewa ya huku njia hii ina uhakika kuliko majani.

Kwanza bonyeza shina kwa ukucha. Likiwa gumu, subiri Agosti, punguza maji tu na usogeze mmea kwenye mwanga. Likiwa laini mahali popote, kata leo, mvua au si mvua, kwa sababu uozo haungoji. Chukua wembe mpya, ufute kwa spiriti. Kata sentimita 3 au 4 chini ya kichwa, kwa mkato mmoja, bila kusagasaga. Tazama katikati ya shina: liwe jeupe lenye ukijani, kote sawa. Ukiona duara au nukta za kahawia, uozo umeshapanda. Futa wembe tena, kata nusu sentimita juu yake, tazama tena, endelea mpaka pawe safi. Ondoa majani ya chini yanayozunguka hicho kijishina, na hayo, kama yametoka na macho yake, yana nafasi yake kwenye uteo. Kikalishe kichwa juu ya mdomo wa mkebe mtupu, shina likining'inia hewani, siku 5 hadi 7. Ukipenda paka unga wa mdalasini kwenye kidonda. Unasaidia kukausha, usitegemee zaidi ya hapo. Salfa ya duka la kilimo ina nguvu zaidi dhidi ya ukungu, ila joto likipita nyuzi 32 huunguza majani, kwa hiyo iguse kidonda peke yake. Asali usiipake, labda kama unafuga sisimizi.

Kichwa kikishakauka, ukipande kwenye mchanganyiko mkavu, shina lote ndani, majani yakigusa vigae vya juu. Siku 10 bila maji. Wiki ya tatu au ya nne kivute juu kwa upole: kikikataa kutoka, kimeshika. Kile kisiki ulichokiacha, kama shina lake ni zima, usikitupe. Kiache na majani yake machache, maji kidogo, na aghalabu kitatoa machipukizi mawili mpaka matano kandokando ya shina. Yakifika upana wa shilingi ishirini yakate uyafanyie hivyo hivyo.

Kama unataka mimea isiyokutesa, kuna inayoipenda hali yetu. Sansevieria, ile yenye majani marefu magumu yanayosimama kama panga, nyingi ni za Afrika, na Kenya ina aina nyingi za porini. Kata jani vipande vya sentimita 7 au 8, na kila kipande ukipige pembe upande wa chini usije ukasahau, kwa sababu kikipandwa kichwa chini hakitoi mizizi. Kausha siku 5, chomeka sentimita 3. Mizizi huchukua mwezi au miwili, mtoto miezi mitatu au zaidi. Ile yenye kingo za manjano ukiiotesha kwa jani watoto hutoka kijani kitupu. Ukitaka manjano yake gawa shina la chini ya ardhi. Mshubiri hauoti kwa jani, hilo ni kupoteza muda: ngoja mtoto wa kando awe na urefu wa sentimita 10, mkate na mizizi yake, kausha siku 3. Kalankoe huota kwa kipandikizi cha sentimita 8 karibu bila msaada. Lakini ile inayobeba vitoto kwenye kingo za majani iwe juu ya saruji tu, kwani hujisambaza haina adabu, na mbuzi wa jirani akiila hudhurika. Mnyaa nao huota upesi. Utomvu wake ukiingia jichoni ni safari ya hospitali, vaa miwani, na ioshe ncha iliyokatwa mpaka maziwa yaishe.

Wadudu utakaowaona ni wale weupe kama pamba wanaojificha mabegani mwa majani. Wachome kwa kijiti cha pamba chenye spiriti, urudie baada ya siku 7 kwa mayai yaliyopona. Kisha fuata sisimizi uone njia yao imeanzia wapi, maana wao ndio wanaowabeba na kuwalinda kwa ajili ya ule utamu wanaoutoa. Usipokata njia hiyo watarudishwa mwezi ujao.

Wiki hii, basi: toa nailoni, tupa majani yaliyolegea pamoja na udongo yaliyolalia, na upige ukucha shina la kila echeveria kabla hujafanya kingine chochote.